Makumbi Ndani ya Gari la Mreno

Nikiwaambia watu wa siku hizi kwamba nimewahi kutia godoro ndani ya gari, wanacheka. Wacheke. Mimi nilikuwa fundi wa magodoro wakati wa vita, mji wetu umejaa askari wa Kireno mpaka kisimani, na kazi ile sikuitafuta. Nilipewa, na shingo ya mdogo wangu ikiwa ndani yake.

Mdogo wangu, tumbo moja, alikamatwa njia ya Olumbi akiwa na vipande sita vya sabuni. Alikuwa anawapelekea wakwe zake. Mkewe kajifungulia huko. Wakasema sabuni ile ni ya watu wa porini, wale waliokuwa wakipigania nchi. Sabuni, jamani! Kama vile sisi wengine hatuogi. Wakamfungia.

Pale kwa wakubwa alikuwapo Mreno mmoja mwenye kauli, tukimwita patrau, yaani bwana mkubwa. Alikuwa na gari la spoti, jekundu, la viti viwili, limelala chini hata kuku hapiti. Gari la barabara za kwao. Kwetu kwenye changarawe lilipiga kelele ndani utadhani mmefungiwa kwenye pipa, na kila kijiwe kikigonga sakafu patrau aliruka akidhani ni bomu la kutegwa. Akataka gari linyamaze, asisikie kitu. Kana kwamba bomu usipolisikia halikuui! Lakini mama akaniambia, "Mkono mtupu haulambwi, baba. Nenda kamfanyie." Nikaenda. Patrau akasema, gari likinyamaza, ndugu yako anatoka.

Nikang'oa viti, nikang'oa zulia. Sakafu nikaipaka lami ya moto, juu yake gunia, juu ya gunia nyuzi za makumbi, kisha gunia tena, nikashona. Milango nikaifungua tumbo nikaijaza sufi. Mianya yote nikaiziba kwa mpira wa ndani wa tairi, hata sindano haipiti.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Makumbi ya nazi tunayafukia kwenye matope ya pwani miezi mingi, yakilainika mama zetu wanayaponda, zinatoka nyuzi. Za kusokotea kamba unaziacha hivyo hivyo, kamba haijali chumvi. Za godoro sharti uzioshe kwa maji ya kisima mara tatu, maana chumvi inavuta unyevu. Fundi gani hajui hilo? Lakini kisimani askari walitugawia ndoo mbili kwa nyumba, mdogo wangu yuko ndani, na mimi nina kiherehere. Nikachukua nyuzi za kamba za mama, kavu, nzuri kwa macho, nikazitia. Mama akauliza, "Umeziosha?" Nikasema nimeziosha. Astaghfirullahi, nilimdanganya mama yangu mchana kweupe.

Patrau akazunguka mji, akarudi anacheka. Akasema ngoja wiki moja nione kama litadumu, kisha nitamtoa. Wiki hiyo hiyo mvua ikaanza.

Sakafu ikatoka jasho, gunia likaota ukungu, chuma kikashika kutu, na uvundo wa matope ya pwani ukajaa humo ndani. Patrau alinitukana matusi ambayo siyarudii, kisha akasema anza upya. Nikafumua kila kitu. Mama akaokota nyuzi, akazinusa, akanitazama. Afadhali angenipiga. Akajitwisha ndoo akaenda kuomba maji kwa majirani, tukaosha mara tatu, tukaanika kila mvua ilipokatika. Zikapita siku kumi na sita.

Katika siku hizo ilifika amri kwamba waliokamatwa wote wapelekwe Awasse, kwa wanajeshi. Niliambiwa baadaye na mwanamke mmoja aliyekuwa akifagia pale ofisini. Kabla ya amri ile, patrau angemtoa kwa neno lake tu. Baada yake, hata yeye hakuwa na ubavu. Mimi sikujua. Nikamkabidhi gari, kavu, limetulia, akanipiga begani akasema kesho asubuhi anatoka. Mama akafua shati la mwanawe, akapika wali wa nazi.

Na kweli alitoka. Tumesimama njiani, mama kashika shati. Gari likaja taratibu, patrau kwenye usukani, pembeni yake mdogo wangu, mikono imefungwa, vioo vimepandishwa. Akatuona. Akafungua mdomo akasema maneno, si moja, mengi, mishipa ya shingo imemtoka, macho yake kwangu. Alipita hatua mbili kutoka tuliposimama. Tukasikia injini na changarawe. "Anasema nini?" mama akanivuta mkono. "Mwanangu anasema nini?" Nikalikimbilia gari, napiga bati kwa kiganja, mpaka likakata kona ya Awasse.

Hakurudi. Hata kaburi hatukuonyeshwa. Mkewe alipokuja na mtoto mgongoni aliniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwona mwisho, ameacha wosia gani, na kasema mtoto aitwe nani. Nikamwambia sikusikia.

"Shemeji, si alipita karibu yako?"

Karibu sana, nikamjibu. Ila nilikuwa nimeziba vizuri.