Mayi ya Bafungwa ba Vita

Hii jambo ilinifikia mi mwenyewe, jua likiwa juu ya kichwa. Mwenye kutaka kucheka, acheke. Nimechoka kubishana na batu.

Kazi yangu ni kuosha mawe ya bachimbaji kando ya Lualaba. Pale mutoni kuko nguzo ya sima, ile saruji ya kujengea, ukumbusho ya bafungwa ba vita ya zamani. Baliletwa hapa, bakakufa kwa kuhara. Kwa heshima yabo, hakuna mwenye kuoshea mawe mbele ya ile nguzo. Basi mayi ya pale haina matope, na sisi bamama tulikuwa tunaichota ya kunywa. Wewe ukiona mayi inang'aa, utafikiri nini?

Siku ile mutoto wangu alikuwa ananililia mayi mugongoni. Nikajaza bidoni, dumu yangu ya mayi, nikaikala kwenye kivuli ya nguzo, nikamimina kikombe. Kuangalia hivi, mwanaume ameikala karibu yangu. Sikumuona akikuja. Amekonda vibaya, amevaa koti nzito ya basoda, baaskari ba vita, na joto yote ile, ameshika tumbo.

"Tata, uko mugonjwa?"

Akanyoosha mukono. Nikafikiri ni kiu, nikamupa kikombe. Munisadiki: alikimwanga chini. Akatwaa na bidoni, akaimwanga yote.

"Tata, uko na wazimu? Mutoto wangu atakunywa nini?"

Akajibu polepole, "Hata sisi tuliiona inang'aa, mama."

Nikainama kuokota bidoni. Kuinuka, hakuna mutu, ni udongo tu yenye kulowana. Hata kuogopa sikuogopa. Nililia kwa hasira, nikapanda kilima na mutoto mwenye kiu mpaka nyumbani, nikamupa chai iliyobakia.

Jioni, mutoto wa Mama Ngoie, jirani yangu wa kazi, akaanza kutapika na kuhara. Yeye alikunywa asubuhi, mayi ya pale pale. Tulimubeba mpaka kwa baganga ba hospitali, bakasema ni kolera. Hakuona asubuhi.

Wangu anakimbia leo. Na wewe mwenye kupita mutoni, chemsha mayi hata ikiwa inang'aa namna gani. Na mutu akikumwangia yako pale kwenye nguzo, usimutukane kama mi.

Mama Ngoie tungali tunaosha naye mawe pamoja. Haongei sana. Siku ingine anaacha kazi, ananiangalia, anauliza, "Mbona yangu hakuimwanga?"

Mi naendelea kuosha.