Shangazi alipokalishwa kitini

Leo nimemvunjia heshima shangazi yangu, na sijutii.

Mdogo wangu Stella, miaka kumi na sita, alilewa mchana kweupe akaangukia kreti la bia. Tukamkimbiza hospitali, huku Temeke. Kashonwa kidevu.

Shangazi akaingia chumba cha dharura na khanga mpya, machozi tayari.

"Nesi, mtoto kaharibiwa na marafiki. Mseme."

Nesi hakumsema mtu. Alivuta kiti, akamuuliza Stella taratibu, "Huwa unanywea wapi?"

"Grosari kwa shangazi."

(Huyo huyo wa machozi. Hiyo baa yake ndogo aliifungua alipopunguzwa kazini, na Stella humsaidia kuuza wikiendi.)

"Ukipewa bia huwezi kukataa?"

"Shangazi kasema mteja akisema 'na wewe chukua moja', nichukue. Mteja hakataliwi."

Machozi yakakauka hapo hapo.

Nesi akamgeuzia shangazi kiti. "Mama, kaa. Kumbe nilikuwa naongea na mtu asiyehusika."

Dakika tano tu. Wakapatana kwamba Stella akinunuliwa kinywaji, aombe soda. Shangazi akaitikia, "Ndiyo mwanangu, soda," kama yuko kanisani. Mie mjinga nikamwamini.

Tulipofika getini akamwambia Stella, "Kesho uwahi. Na hiyo habari ya soda iache hapa hapa."

Stella akainama na bandeji yake.

Nikasema, "Shangazi, yeye apumzike. Kesho nakuja mie. Ila mie wateja nawakataliaga."

Nyie mngenyamaza?