Kishikwambi Nilichochagua Mwenyewe

Kazi yangu ni kuandika yanayosemwa na watu mikutanoni. Mimi si mwandishi wa habari wala karani wa mahakama. Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la mbolea mjini Kahama, na mradi wowote unapotaka ardhi huku kwetu, iwe barabara au njia ya umeme, sisi ndio tunaotumwa kukaa na wananchi na kuwauliza wanasemaje. Wenzangu wanauliza, mimi naandika. Nina mwandiko mzuri, na nalisema hilo waziwazi kwa sababu ndicho kitu pekee nilichowahi kusifiwa shuleni.

Miaka mingi nilitumia kaunta buku. Mvua imeshanilowanishia mbili nikiwa nyuma ya bodaboda, wino ukachuruzika, nikabaki nakumbukakumbuka nani alisema nini. Lakini kilichokuwa kinaniua hasa ni kuchapa. Unaandika mchana kutwa, halafu unarudi ofisini unaanza upya kwenye kompyuta, neno kwa neno, yaleyale. Mkono uliniuma hadi kushika kijiko ikawa kazi. Nikalalamika, na mimi nikianza kulalamika sinyamazi. Kiongozi wetu, baba mmoja mpole kutoka Pwani, alichoka kunisikiliza. Akasema vipo vishikwambi vya kuandikia kwa kalamu kama karatasi, niende Mwanza nikachague, ofisi italipa. Ila nichague mwenyewe, nisije nikamlaumu mtu.

Dukani niliwekewa viwili mezani. Cha kwanza kioo chake kilikuwa kikavu, hakina mng'ao, na kalamu ikipita juu yake inakwaruza kidogo. Niliandika mstari mmoja, nikaandika wa pili, nikasahau kama nimesimama dukani. Binti aliyekuwa anauza akaniambia hicho hakina mambo mengi, unachoandika ndicho kinachobaki, basi. Cha pili kilikuwa kinateleza, na wino wake ulikuwa unaifuata kalamu kwa kuchelewa kidogo. Lakini ukigusa alama fulani pembeni, mwandiko wako wote unageuka maandishi ya chapa, tena kwa Kiswahili. Niliandika kwamba wananchi wamekubaliana kukutana tena Jumatano, nikagusa, sentensi ikatoka imenyooka utadhani imetoka kiwandani. Nilicheka peke yangu. Nilikuwa naziona jioni zangu zote zinarudi mikononi mwangu.

Binti akaniuliza mkono wangu umependa kipi. Nikasema cha kwanza. Akakinyanyua ili anifungie. Nikamwambia hapana, nifungie cha pili. Nilijiona mjanja huyo, acha tu.

Miezi ya mwanzo nilikitangaza kila mahali. Saa kumi na moja nimeshatuma muhtasari, nimekaa nyumbani na chai yangu. Kuna jambo moja tu sikubadilisha. Mimi neno la mtu naliandika lilivyotoka mdomoni mwake. Baba yangu alikuwa Msukuma, mama ni mtu wa Singida, nyumbani tuliongea Kiswahili, lakini Kisukuma nilikipata jikoni kwa bibi yangu mzaa baba. Kwa hiyo mtu akijibu kwa Kisukuma naandika Kisukuma, na tafsiri naiweka baadaye, yakiwa maneno marefu. Na vijijini huku, mtu anayekataa husema "yaya". Maana yake hapana. Mara ya kwanza kiongozi wetu kusoma muhtasari wangu, enzi za kaunta buku, alikuja mezani kwangu anauliza kwa nini kijiji kizima kinatafuta yaya, hawa watoto wanalelewa na nani? Tulicheka hadi machozi. Akaniomba niwe naandika "hapana" moja kwa moja. Nikambishia. Nikamwambia neno la mtu ni mali yake, mimi ni nani nilibadilishe? Ningemsikiliza siku ile.

Kijiji kilichonifanya nijute kiko nje ya Segese, kwenye njia ambayo mradi ulitaka kuipanua kwa ajili ya malori. Huku kwetu watu wengi huzikwa nyumbani kwao, kwa hiyo kupanua barabara ni kugusa makaburi. Ilibidi tuende kaya kwa kaya tuulize kama wanakubali kaburi lao lihamishiwe makaburi mapya ya kijiji. Kaya ya mwisho ilikuwa ya mama mmoja mzee, mjane, anayeishi na mwanawe wa kiume, mtu mzima wa miaka arobaini hivi. Mume wake amelala pembeni mwa zizi. Pale palikuwa pamefagiwa kuliko hata mlangoni.

Nikamwamkia, shikamoo mayu, yaani mama, akaitikia marahaba. Kiongozi wetu akaeleza, mimi nikatafsiri. Yule mama akatazama upande wa zizi, akasema "Yaya," kisha akauliza kama tumepewa maji. Kiongozi akaeleza upya, kwamba makaburi mapya yatakuwa na uzio, kwamba hapa vumbi la malori litakuwa kubwa. Mwanawe naye akadakia, akasema hata yeye anaona baba apelekwe kwenye utulivu. Mama akamkazia macho. Akasema tena yaya, na kwamba yeye mwenyewe atalala palepale, ubavuni mwa mzee wake. Nikaandika kwenye kisanduku cha jibu: yaya. Kwa mkono wangu huu.

Niliporudi ofisini niligusa ile alama, kurasa zikageuka. Nikapitia majina, nikapitia namba za viwanja, maana huko ndiko nilikokuwa naogopa makosa. Majibu sikuyasoma. Nilikuwa nimeyaandika mwenyewe, niyasome ya nini? Nikatuma.

Wiki kadhaa baadaye tulipita njia ile kwenda kijiji kingine, na pembeni mwa zizi la yule mama nikaona shimo. Shimo tupu, na udongo umerundikwa kando. Nikamwambia dereva asimame. Mama hakuwepo, ila jirani yake alikuwa anaanua mahindi, akanieleza yote. Mama alikuwa ameenda Geita kwa dada yake mgonjwa. Huku nyuma watu wa mradi wakaja na mtendaji na bwana afya, wana karatasi. Wakamwonyesha mwanawe kwamba mama yake ameshakubali. Kijana wa watu akashangaa, lakini akafurahi, akajua mama amelegeza moyo. Akatia sahihi kwa niaba ya familia. Akambeba baba yake mwenyewe.

Mama aliporudi akakuta shimo. Mwanawe akamwambia mbona karatasi ilisema umekubali. Mama akasema yeye hakukubali, na kila mtu alisikia nani alitaka mzee ahamishwe. Jirani alisema kelele zilifika hadi kisimani. Siku iliyofuata yule mwanaume akafunga nguo zake, akaenda machimbo ya Geita.

Nilifungua kishikwambi ndani ya gari. Kilikuwa kinatunza kurasa zote mbili, ya mwandiko na ya chapa. Kwenye mwandiko, yaya, herufi nne, safi kabisa. Kwenye chapa, "haya". Kifaa kilikuwa kinajua Kiswahili peke yake. Mtu ameulizwa kama anakubali, chenyewe kikaona "yaya" haileti maana, "haya" inaleta maana, kikamkubalia. Na mimi nikatuma.

Nilimwambia kiongozi siku hiyohiyo. Akasema ataandika barua ya masahihisho, ila nisiende kwa yule mama kwanza, jambo hili lina mradi ndani yake na lina mkate wa watu wote wa ofisi. Nikatii. Nilitii siku tisa, na sioni sababu ya kulipamba: nilikuwa naogopa kufukuzwa kazi. Siku hizo tisa yule mama aliamka kila asubuhi akiamini amezaa mwongo.

Siku ya kumi nikapanda gari la Segese, sikumuaga mtu. Nilimkuta amekaa anachambua maharage. Akanitambua. Akanipa kigoda, akauliza habari za nyumbani, na kila alivyokuwa mkarimu ndivyo mdomo wangu ulivyozidi kuwa mzito. Mwishowe nikatoa kishikwambi, nikamwonyesha ukurasa ule, nikamweleza. Kwamba hapa nimeandika neno lake kama alivyolisema. Kwamba chombo hiki kikalibadilisha. Kwamba mwanawe alionyeshwa karatasi yenye neno ambalo yeye hakulisema, na hakuwa na namna ya kujua.

Hajui kusoma. Alitazama kile kioo, kisha akanitazama mimi.

"Kwa hiyo mwanangu hakudanganya," akasema.

"Hakudanganya, mayu. Ni mimi."

Nilitegemea anitukane. Ningeshukuru. Yeye akarudi kwenye maharage, akachambua mawili matatu, mkono ukasimama.

"Nilimwambia siku nikifa asishike jembe langu," akasema. "Nilimwambia wanizike watu baki."

Mtu wa huku akisikia hivyo haelezwi zaidi. Mtoto aliyezuiwa kumzika mama yake hana pa kusimama mbele za watu. Nililia, nasema kweli, nililia hadi yeye akawa ndiye anayenibembeleza, jambo ambalo linaniaibisha mpaka leo.

Yeye hana simu. Namba ya mwanawe nilikuwa nayo kwenye orodha yangu ya kaya, nikapiga. Alipokea. Nyuma yake kulikuwa na mashine za kusaga mawe, ikabidi nipaze sauti nieleze habari nzima upya, yote, mama yake akinisikiliza ubavuni. Nikamwambia mama yuko hapa, anataka kuongea naye.

"Mwambie nimesikia," akasema, akakata.

Mama aliuliza amesemaje. Nilitamani kumwambia kwamba anakuja. Wallahi nilitamani, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikamwambia amesema amesikia.

"Basi?"

"Basi, mayu."

"Mpigie tena."

Nikapiga. Imezimwa. Nikapiga tena, imezimwa. Akasema labda chaji imeisha, machimboni hakuna umeme wa uhakika, na mimi nikaitikia kwamba inawezekana. Kisha akaniomba nimwandikie ile namba kwenye kipande cha karatasi. Nilikuwa na risiti ya dukani kwenye mkoba, nikaandika nyuma yake, tarakimu kubwakubwa. Akaniuliza kama nina uhakika nimeziandika sawa. Nikazisoma kwa sauti, moja moja, nikilinganisha na orodha, mara mbili.

Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga. Akasema pale barabarani watu wanapita kutwa, wenye simu ni wengi. Kila atakayepita atamwomba ampigie.