Breki Isiyoshika

"Mimi gari naendesha hata nimelala," mwalimu wa udereva alijigamba mbele ya watu kwenye harusi ya shemeji yake. Na kweli, mwaka mzima sasa, kila akifumba macho, ndotoni gari linateremka mlima na breki haishiki. Amekanyaga mpaka ubao wa kitanda umepasuka, na mkewe huambulia mateke. Kazini anapiga miayo, mguu haubanduki kwenye breki ya pili, ile ya upande wa mwalimu, na wanafunzi wanahitimu wakijua mwendo wa kinyonga tu.

"Baba watoto, nenda kliniki ya afya ya akili."

"Waniite kichaa, leseni waichukue?"

"Leseni ya kunipiga mateke?"

Mwalimu alikuwa amechoka hata kubisha. Asubuhi alipanga foleni kliniki. Kadi ya kumwona daktari ilikuwa shilingi elfu mbili, na leseni hakuna aliyeiulizia.