Mbuzi Aliyeachwa Ukingoni

Haya ninayasema mimi, anayeandika ni binti yangu. Mimi shule nimeipita kwa nje tu, nikienda bombani na ndoo. Akijaza karatasi namwambia, "Haya, nisomee," na akisoma simwangalii mdomo, namwangalia macho kama yanatembea. Zamani sikuwa na tabia hiyo. Nimeipata mwaka huu, uzeeni, na nitawaambia nimeipata wapi.

Mama yangu alikuwa anauza karanga kwenye baraza la nyumba tuliyopanga, hapahapa Kariakoo, mtaa ambao sasa umejaa maghorofa ya maduka, jua tunaliona saa sita tu likipita juu kama mgeni. Karatasi za kufungia alinunua sokoni kwa kupimiwa kwenye mizani: madaftari yaliyojaa, magazeti, vitabu vilivyong'oka majalada. Mteja akija, mama anachana ukurasa, anausokota kama pembe, anamimina karanga, anakunja mdomo wake, kwaheri. Mtu kakaa kaumiza kichwa miaka kuandika kitabu, kwetu kinaisha wiki moja, kutegemea na njaa ya watu.

Mzigo mmoja ukaja na kitabu cha picha za mbuzi. Mimi nilikuwa na miaka saba hivi. Nikakipenda mpaka nikakosa adabu. Mama akichana ukurasa tu, mimi nadaka kabla haujasokotwa, mbio mpaka upande wa pili wa baraza kwa fundi cherehani. Nyuma namsikia mama, "We mtoto! Mteja huyu asubiri mpaka ufunge ndoa?"

Fundi alikuwa mrefu, mwembamba, miwani yake sikio moja imefungwa kwa uzi, na pini mdomoni asubuhi hadi jioni, kwa hiyo alikuwa anaongea kama mtu anayeficha jino. "Mwanangu, mm, leta tuone, mm, leo kimesema nini." Bei yake ilikuwa konzi moja ya karanga kwa ukurasa. Anazitoa pini moja moja, anazichomeka kwenye mkono wa shati, anaunyanyua ukurasa mbali na uso, kiganja kimekaa juu ya maneno, anakohoa. Halafu, jamani, fundi haonekani tena. Anayeonekana ni mbuzi.

Mbuzi wa kitabu kile alikuwa mwanamke wa mjini kabisa. Amealikwa harusi ng'ambo ya mto, na kurasa zote anajiandaa. Ukurasa mmoja yuko kwa muuza viatu. "Viwili?" sauti nyembamba, ya puani. "Unanipimia viwili? Kwani mimi kuku?" Ukurasa mwingine anapaka mafuta. Mwingine anagombana na jirani aliyemnyima kanga. Mteja wa karanga naye anasogea kusikiliza, anasahau kwamba karatasi ile ndiyo anayoingoja yeye. Mama anampokonya fundi ukurasa, anausokota, mbuzi anaondoka na mafuta yake mwilini na karanga tumboni.

Ustadi mwingine wa fundi ulikuwa vipimo. Wenzake walikuwa wanaandika kwenye daftari. Yeye kila mteja alikuwa na uzi wake, umepigwa mafundo: fundo la bega, fundo la kiuno, fundo la mguu. Nyuzi zinaning'inia msumarini kama nywele, na hakosei. Mimi nilidhani huo ndio ufundi wenyewe.

Siku moja kukawa na mpira kule Jangwani. Watu walivyoteremka, karanga ziliondoka kama zinagawiwa bure. Nilikuwa nimetumwa maji. Narudi nakuta kitabu kimekwisha, chote. Umebaki ukurasa mmoja tu, ambao asubuhi nilikuwa nimeuficha ndani ya gauni kwa sababu picha yake ilikuwa nzuri kuliko zote: mbuzi kasimama ukingoni mwa maji, na mzee mmoja kamshika.

Fundi akausoma. Mzee wa mto anasema, "Ingia, bibie, maji ni ya magoti." Mbuzi anasema, "Magoti ya nani? Yako au yangu?"

"Halafu?" nikamuuliza.

"Halafu, mm, iko kwenye ukurasa unaofuata."

Unaofuata ulikuwa umeenda mpirani. Nililia mpaka mama akanipa karanga zangu mwenyewe ninyamaze. Fundi baadaye akahamia Magomeni, tukapotezana. Mbuzi wangu akabaki pale pale ukingoni, kajipaka mafuta, harusi inamsubiri.

Nikakua, nikaolewa, nikazaa watatu, ukurasa uko kwenye sanduku chini ya kanga. Maharage yakichelewa kuiva na watoto wameanza kunung'unika, nautoa. Naunyanyua mbali na uso, kiganja hapa chini, nakohoa. Nilikuwa nimeushika moyoni ukurasa mmoja mmoja, mpaka zile nyingine zilizoliwa. Sauti zote nazitoa, mbuzi, muuza viatu, jirani. Wakicheka njaa inatulia. Tukifika mtoni nakunja ukurasa.

"Mama, alivuka?"

"Sijui. Kitabu kiliishia hapo."

"Si utunge, mama!"

"Nitunge? Kitabu cha watu?"

Nilikuwa sitanii. Mimi namwigiza kila mtu. Mwenye nyumba namwigiza akidai, mkwe wangu namwigiza akikohoa kabla ya kukataa, msibani mara mbili nimetolewa nje kwa sababu ya kumwigiza marehemu. Lakini kitabu ni kitabu. Kimeandikwa na msomi, mimi ni nani wa kukiongezea uongo? Ushambenga niuweke kwenye mambo ya majirani, kwenye kitabu hapana.

Na huyu anayeandika hapa, siku aliyoanza shule, akarudi na kusoma kwake, "Ka-ka a-me-ka-a chi-ni," nikamwambia, "Huko ni kusoma au kupanga matofali? Ungemsikia fundi wa barazani kwetu! Yule ndiye alikuwa anasoma." Nimewasema hivyo watoto wangu wote, na mjukuu pia, mpaka mwaka huu.

Mwaka huu mjukuu huyo, wa kike, ana miaka saba, anasoma Upanga. Mwalimu wao akatuma ujumbe wa sauti kwenye simu ya binti yangu. Sauti ya mwalimu ni ya mtu anayemimina maziwa kikombeni bila kutaka yadondoke: "Wazazi wapendwa, siku ya Ijumaa kila mtoto aje na kitabu ambacho mzazi au bibi au babu yake alikipenda utotoni, asimame mbele, awasomee wenzake."

Mtoto akasema, "Mimi nitapeleka cha bibi. Cha mbuzi." Mama yake akanivuta pembeni.

"Mama," akaniambia, "nitamnunulia kimoja kizuri dukani, chenye jalada. Tutasema ndicho cha kwako."

"Tudanganye shule?"

"Sio kudanganya, mama."

"Ni nini? Nenda katafute cha kwangu. Ukurasa ninao, waonyeshe wenye vitabu."

"Vile havichapwi tena."

"Umewauliza?"

"Mama, nina kazi ofisini, foleni, mvua." Kila nikisema ana sababu, na anasema akiangalia mlango. Nikajua nimezaa mvivu. Nikavaa kanga zangu, nikaenda mwenyewe kwa kijana anayepanga vitabu chakavu chini, karibu na wauza mabegi.

"Shikamoo bibi. Karibu, vipo vya kila aina. Unataka kitabu gani?"

"Marahaba. Cha mbuzi."

"Jina lake?"

"Hajatajwa jina. Mbuzi tu."

"Jina la kitabu, bibi yangu." Akajikuna. "Mbuzi wa kufuga au mbuzi wa hadithi?"

"Wa hadithi! Kwani umeona nimekuja na kamba?"

Akacheka, akatafuta, hakikuwepo. Ndiyo nikaamua: mtoto atapeleka ukurasa wangu. Kitabu kizima hakipo, lakini kipande cha kweli ni bora kuliko uongo wenye jalada.

Alhamisi wakaja kwangu wote wawili baada ya shule. Binti yangu yuko uani anachemsha chai. Nikafungua sanduku, nikatoa ukurasa kwenye nailoni yake, na kwa mara ya kwanza tangu fundi aliponirudishia nikamkabidhi mtu mkononi. "Ushike vizuri. Una mafuta ya karanga za bibi yako mkuu. Haya, jizoeze."

Mtoto akauweka mapajani, akainama, kidole kwenye maneno.

"M-shi-ke mbu-zi shi-ngo."

Uani nikasikia kifuniko cha sufuria kinaanguka. "Ngoja!" binti yangu anapiga kelele. "We mtoto, ngoja!"

Mtoto wa siku hizi angoje nini. "Mtu-mbu-ki-ze kwe-nye da-wa. Ki-chwa ki-za-mi-she ma-ra mbi-li. Ku-pe wa-ta-ku-fa."

"Ruka hayo," nikamwambia. "Soma panapoanza, 'Ingia, bibie.'"

"Hakuna bibie, bibi."

"Mto je?"

"Hakuna mto. Kuna josho." Akageuza nyuma, akaangalia, akarudisha mbele. "Bibi, hiki ni cha kufuga mbuzi."

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha sufuria mkononi. Nikamtazama. Uso wake haukuwa wa mtu aliyeshtuka. Ulikuwa wa mtu aliyekamatwa.

"Ulikuwa unajua."

"Niliusoma nikiwa darasa la tatu. Ulikuwa umeenda sokoni."

"Ukanyamaza?"

"Ningesema nini, mama? Maharage yalikuwa bado."

Nikaketi kitandani. Nilichokuwa nakiona ni zile nyuzi msumarini, na mafundo yake. Mtu anayejua kuandika thelathini na sita afunge mafundo kwa nini? Na kile kiganja juu ya maneno. Macho yake nyuma ya miwani yalikuwa yametulia sehemu moja, juu ya picha, hayaendi wala hayarudi. Nikamkumbuka akinyoosha mkono kupokea konzi yake, anatafuna taratibu kama mtu aliyechoshwa na kazi ya kichwa. Karanga zangu! Amekula karanga za kitabu kizima, mwongo yule, na mimi kwa ajili yake nimewatukana watoto wangu waliosoma!

Nikasema kwa sauti yake, ilitoka yenyewe, "Mwanangu, mm, leta tuone, mm, leo kimesema nini." Binti yangu akaanza kucheka, nami nikacheka, halafu sijui ilikuwaje, yeye akaacha, na mimi nikawa nafuta macho na bado nafuta. Kitabu changu kimoja duniani, kumbe hakijawahi kuwepo. Na aliyekitunga nilimlipa konzi moja tu.

Mjukuu hakuwa na habari na misiba yetu. "Sasa kesho nitasoma nini? Wenzangu wote wana vitabu. Nitasimama niseme kupe watakufa?"

Mama yake akafungua mkoba. Kumbe alikuwa amekuja na kile cha dukani, kinang'aa. Akakiweka kitandani. Mtoto hakukigusa. Alikuwa bado anaangalia ukurasa.

"Lakini bibi, si alilowa?"

"Nani?"

"Mbuzi. Imeandikwa hapa. Kichwa, mara mbili."

Nikauchukua ule ukurasa, kana kwamba ningeweza kuona. Maisha yangu yote namwambia kila anayeuliza sijui, na jibu limelala chini ya kanga zangu. Alilowa. Yule mwanamke na viatu vyake vinne na mafuta yake, walimtumbukiza mzimamzima.

"Imeandikwa akafanywa nini baada ya hapo?" nikamuuliza.

"'Mwache ajikaushe juani.'"

"Haya. Simama wima. Nyoosha mkono, ukurasa uwe mbali na uso. Kiganja weka hapa chini, funika maneno yasikusumbue. Kohoa. Sio hivyo, hiyo ni mafua. Kohoa kama mtu mwenye watoto wengi. Sasa, sauti ipitie puani: 'Unanipimia viwili?'"

Chai ilichemka mpaka ikapungua nusu.

Ijumaa mchana akaja mbio, begi mgongoni, anaongea kabla hajavua viatu. Darasa lilicheka mpaka la jirani likaja dirishani. Mbuzi alibishana na mzee wa mto, akatumbukizwa, akaibuka, "Kope zangu!" akatumbukizwa tena, kupe wakafa, akajikausha juani, akafika harusini wakati wa pilau. Hiyo pilau sikumfundisha mimi.

"Mwalimu alisemaje?"

Akaigiza, na alimpata, maziwa yote ndani ya kikombe: "Aliomba ukurasa. Akausoma mbele, akausoma nyuma. Akaniangalia. Akasema, 'Na kitabu hiki, mpenzi, mtu akikitaka anakipata wapi?'"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia kimeisha, mwalimu. Kilifungiwa karanga."