Yohana na Nyumba Yangu ya Temeke

Jamani, wakili nimemlipa mimi, nyumba kanunua rafiki yangu!

Ngojeni niwaeleze.

Yohana mnamjua, tunaimba naye kwaya. Nilipoipata ile nyumba ya Temeke, ndiye aliyeniambia, "Usinunue bila wakili, utauziwa nyumba ya urithi yenye kesi."

Akanipeleka mwenyewe kwa wakili mmoja kule Uhindini. Nikalipa ada yote. Na kwa kuwa yule bwana mkubwa wetu Mwingereza pale bandarini hatoi ruhusa ovyo, nikamwomba Yohana awe ananifuatilia majibu.

Kila nikimuuliza: "Bado, ndugu yangu. Wakili anachunguza."

Leo nimepata ruhusa, nikaenda mwenyewe kwa baiskeli.

Wakili akanishangaa. "Nyumba haina tatizo lolote. Nilimwambia mwenzako zamani. Juzi kaja na mwenye nyumba, wakatia saini hapa hapa."

"Saini ya nani?"

"Yake. Alisema wewe umeghairi."

Nikadai ada yangu. Eti kazi niliyomlipa ameifanya!

Nikaenda Temeke. Nikamkuta Yohana anapaka ukuta chokaa. Hata hakushtuka.

"Usikasirike, ndugu yangu. Chumba cha uani nimekuwekea wewe. Kodi tutaelewana."

Nimegeuza baiskeli, nikaondoka. Ningekaa zaidi ningelia mbele yake.

Mke wangu keshawaaga majirani, anajua tunahama.

Niambieni nyie, naanzaje kumweleza?