Inzi wa Nyanya

Juzi nilipita nje ya shule yetu ya mapadri, Mombasa, nikashindwa kusimama hata dakika moja. Mimi na shule ile, mwenzangu, hatukuwahi kutulia pamoja. Ghorofa limemeza bwalo letu la kulia. Ukuta wa mbele tu ndio uliobaki.

Miaka ile ya hamsini kila kitu kilikwenda kwa kengele: kuamka, kufagia bweni, darasa, mpira, uji. Waislamu tulikuwa wachache, tumetoka pwani ya kusini kufuata hesabu na Kiingereza. Padri mkuu hakutulazimisha kusali. Lakini sala ya chakula ilisemwa mbio, na aliyechelewa kushika kijiko alikuta maharagwe yamebaki mchuzi. Basi mkono wangu ukajifunza wenyewe ishara ya msalaba: paji, kifua, bega, bega, kijiko. Moyo haukuwamo, nilikuwa na njaa tu.

Likizo ya kwanza nikarudi Msambweni kwa nyanya aliyenilea. Alikuwa amepika wali wa nazi na papa. Ami, kaka yake marehemu baba, alikuja makusudi kunitazama. Alikwisha kuapa kwamba akiona dalili yoyote ya kugeuzwa dini, shuleni sirudi. Nami nilitaka kurudi, nikawa sikaliki: nikiinuka, nikiketi, nikichungulia jikoni.

Nyanya akatua sinia. Mkono ukapanda. Paji, kifua...

Nikaganda. Ami akaacha kunawa. "Mtoto huyu afanya nini?"

Nyanya hakunitazama. Alikuwa mwanamke asiyesema uongo hata kwa mzaha, na sisi alituchapa kwa uongo mdogo kabisa.

"Afukuza inzi," akasema. "Inzi wa siku hizi wana adha." Akapunga upindo wa leso juu ya sinia ambalo halikuwa na inzi hata mmoja. "Haya mwanangu, piga bismillahi, ami yako akusikie."

Nikaipiga kwa sauti. Ami akala, akashiba, akaniombea dua ya safari ya kurudi shuleni.

Alasiri ile nyanya alikaa juu ya msala muda mrefu kuliko kawaida yake. Nilijua anaomba msamaha kwa ajili ya yule inzi, na niliona haya mpaka nikatoka nje.

Bwalo halipo, kengele haipo, na nyanya tulimzika kitambo. Lakini hadi leo sinia likitua mbele yangu, mkono hutaka kupanda. Naushika, kisha napunga juu ya wali, na wajukuu hunicheka: "Babu, mbona hapana inzi?"